Bango Nalo ni Deni

Mh! Hebu litazame lile bango. Limefungwa kwa waya kwenye nguzo ya umeme, pale bodaboda wanapoegesha, tangu kabla ya masika. Jua limelamba wekundu wote, kona moja imechanika, na upepo wa jioni unaipigapiga kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba. Maandishi bado yanasomeka. Nyumba Yangu, Amani Yangu. Jumapili sita za kubadilisha familia yako. Usipange kukosa. Chini yake zimepangwa mada, moja kwa kila Jumapili: ndoa, malezi, ugonjwa, msiba, madeni, msamaha.

Kila asubuhi muuza kahawa akishatua birika lake na kupanga vikombe, macho yetu hukutana na lile bango, na hakosi mtu wa kusonya. Jumanne hii alisonya mama wa vitumbua, sonyo refu mpaka wacheza drafti wakainua vichwa.

"Jamani, ile Jumapili ya madeni mimi naidai mpaka leo."

Tukamwuliza anaidai vipi. Akafunika chungu chake cha unga, akakaa kwenye benchi, akatueleza.

Wakati bango lile linapandishwa, yeye alikuwa amebanwa na mkopo wa kausha damu. Mwenye kuijua mikopo hiyo hahitaji maelezo. Pesa unapewa leo bila maswali mengi, kesho asubuhi mkusanyaji amesimama mlangoni na daftari, na ukikosa rejesho siku chache, macho yake yanahamia kwenye godoro na televisheni yako. Mama alipoliona neno madeni kwenye bango alihesabu kwa vidole: Jumapili ya tano. Siku hiyo hakukaanga, na Jumapili ndiyo siku yake ya mauzo makubwa, maana watu wakitoka ibada ya kwanza wanatafuta chai. Akampitia jirani yake, mjane ambaye hakuwa amekanyaga kanisani tangu mumewe azikwe, naye anadaiwa vilevile. Wakavaa vitenge vyao vizuri, wakaenda, wakakaa safu ya tatu.

Jumapili hiyo alikuwepo mgeni kutoka mkoani. Akakaribishwa, akasalimia, kwaya ikamwimbia, akahubiri jambo alilokuja nalo. Yakafuata matangazo, ukafuata mchango wa uzio wa kanisa. Ibada ikafungwa. Neno madeni halikutajwa hata mara moja. Jumapili iliyofuata mfululizo ulikuwa umeisha, na hakuna aliyesema umeishaje. Baada ya wiki mbili pale getini likapanda bango jingine, jipya, lenye picha kubwa zaidi.

"Tukiwa njiani kurudi," mama akasema, "jirani yangu aliniuliza swali moja tu. Mbona hawakusema? Nikakosa cha kumjibu. Hajarudi tena."

Kijiwe kizima kikanyamaza. Hata drafti ilisimama.

Kanisa hilo silitaji jina, maana jambo hili halina kanisa moja. Na mimi si mtu wa kulitazama kanisa kutoka dirishani. Nimebatizwa humo, nimeimba kwaya humo, na wazazi wangu wamezikwa kwa sala zake. Wachungaji nawapenda. Ndiyo sababu nasema: Waswahili walishatuambia ahadi ni deni, na bango ni ahadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Anayelipandisha amekopa. Amekopa muda wa watu, amekopa matumaini yao, na wengine amewakopa mauzo ya siku nzima. Asipohubiri alichotangaza, amebaki anadaiwa.

Kijana wa bodaboda, ambaye anasali kanisa la kiroho na anaipenda imani yake kwa moyo wote, hakukubali haraka. "Kaka, Roho Mtakatifu hapangiwi ratiba. Mchungaji anaweza kuamka Jumapili akapewa neno jingine. Sasa aliache kwa sababu ya bango?"

Hoja yake ni nzito na wengi wanayo. Pale kijiweni tunaye mwalimu mstaafu aliyefundisha chuo cha Biblia miaka mingi, akalichukua swali hilo taratibu. Alisema wapo wahubiri wakubwa waliofanya hivyo hasa. Charles Spurgeon wa London, karne ya 19, hakupenda mifululizo mirefu, na andiko la Jumapili asubuhi mara nyingi alilipata Jumamosi jioni. Lakini Spurgeon alikuwa amesoma wiki nzima, maktaba yake ilikuwa na maelfu ya vitabu, na hakuwa amemwahidi mtu kwamba Jumapili ya tano atasema jambo fulani. Kama unaongozwa wiki kwa wiki, ongozwa hivyo, wala usitangaze Jumapili sita. Ukishatangaza, basi amini kwamba Roho yule anayekuamsha Jumapili alfajiri aliweza pia kukuamsha miezi miwili kabla.

Akaendelea na kisa cha Yohana Calvin. Mhubiri huyo alifukuzwa Geneva mwaka 1538, mara tu baada ya Pasaka, kwa ugomvi na wakuu wa mji. Mwaka 1541, mwezi wa Septemba, mji ulimrudisha. Watu walitazamia siku ya kwanza mimbarani awapasulie maadui zake. Yeye akafungua Biblia mahali palepale alipokuwa ameishia kabla ya kufukuzwa, akaendelea. Zaidi ya miaka mitatu ya uhamisho, na bado alikumbuka kwamba kuna kazi hajaimaliza. Mgeni wa siku moja kutoka mkoani ametushinda sisi.

Fundi cherehani, Mlutheri wa tangu babu, akasema kwao jambo hili ni jepesi kidogo, maana masomo ya Jumapili yamo kwenye kalenda ya KKKT kabla mwaka haujaanza, na sharika nyingi nchini husikia somo lilelile siku moja. Wakatoliki nao wana mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C, ambao huwapitisha kwa Matayo, Marko na Luka, na Yohane akichukua nafasi yake hasa Kwaresima na Pasaka. Hata mzee wetu wa bao, Mwislamu, akaongeza lake: "Sisi Ramadhani darsa ya alasiri hufuatana. Shehe anaanzia alipoishia jana. Ukikosa, unamuuliza mwenzio, jana amefika wapi?"

Swali hilo la mzee limenikaa kichwani. Jana amefika wapi? Mfululizo mzuri wa mahubiri ni ule unaomfanya mtu aliyekosa Jumapili amkimbilie mwenzake Jumatatu kuuliza. Wa kwetu ule, hata waliohudhuria zote hawakujua umefika wapi.

Sasa nataka niseme na wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na nyie vijana wa kamati ya matangazo. Nisikilizeni, maana nazungumza kwa upendo.

Kwanza, mada ianzie kwa watu. Nimeona makanisa yanachukua mfululizo mzima kutoka Marekani, jina, picha na vichwa vya mahubiri, yakabandika nembo yake juu. Mwaka 2002 Rick Warren wa Saddleback, California, alitoa kitabu chake cha maisha yenye kusudi, chenye sura 40, na makanisa mengi duniani yakafanya siku 40 kwa pamoja: mahubiri ya Jumapili, vikundi vya katikati ya wiki, na sura moja ya kusoma kila siku. Kilichofaa kujifunza pale ni ule mpango wenyewe, kwamba mimbari, kikundi na msomaji nyumbani wote wako ukurasa mmoja wiki hiyo. Mpango huo unaweza kuhamia Mbagala au Makambako. Lakini maswali ya watu wa California si lazima yawe ya mama wa vitumbua. Mchungaji apite sokoni. Akae na vijana wa bodaboda nusu saa. Aweke sanduku mlangoni watu waandike maswali bila majina. Awaulize akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa ni nini kinawanyima usingizi. Akifanya hivyo miezi miwili kabla, mada itakuja yenyewe, na itakuja ikiwa na uso wa mtu.

Mwalimu wetu mstaafu alitupa mfano ambao sikuujua. Mwaka 387 mji wa Antiokia ulichafuka. Kodi mpya ilitangazwa, watu wakaghadhibika, wakaangusha sanamu za Kaisari Theodosius na za familia yake. Kuvunja sanamu ya Kaisari enzi zile ilikuwa kutafuta kifo. Mji ukajaa hofu, watu wakaanza kukamatwa, na askofu mzee Flavian akafunga safari ya Konstantinopoli kuomba msamaha. Nyuma yake alibaki kasisi mmoja, Yohana, yule ambaye baadaye alipewa jina la Krisostomu, yaani Kinywa cha Dhahabu. Kwaresima ile nzima alihubiri mfululizo kwa watu wenye hofu ya kufa. Hotuba 21 zimetufikia. Aliwafariji, akawaonya, na siku baada ya siku akarudi kwenye jambo moja dogo la kila siku alilotaka waliache, nalo ni tabia ya kuapa ovyo. Msamaha wa Kaisari ulipofika, Pasaka ilikuwa imewadia.

Angalieni kazi hiyo ilivyopangika. Ina jeraha la mji, ina msimu wa kanisa, ina tendo moja la kubadilisha, na ina mwisho unaojulikana. Miaka zaidi ya 1,600 imepita na bado ni somo kwa kila anayetaka kupanga mfululizo.

Pili, itazameni kalenda ya mtaa pamoja na kalenda ya kanisa. Januari mzazi anawaza ada, sare na madaftari. Masika barabara za ndani hazipitiki, na kanisa la bati mvua ikinyesha hakuna anayemsikia mhubiri. Katikati ya Desemba stendi zinafurika watu wanaokwenda kwao, na wa Kilimanjaro ndio hao hawakosi. Ukianza Jumapili sita mwishoni mwa Novemba, mbili za mwisho utazihubiria mabenchi. Mfululizo wa madeni uanze Januari, wakati mifuko imetoboka na watu wako tayari kusikia. Na kabla ya kupanga chochote, mzee wa kanisa atoe daftari: mgeni gani anakuja lini, kipaimara ni lini, harambee ya uzio ni lini. Mgeni aambiwe mapema, mtumishi, karibu sana, Jumapili yako inaangukia somo la madeni, tafadhali utuandalie hilo. Mgeni mwenye heshima atashukuru.

Tatu, andiko litangulie jina. Wengi wanaanza na jina tamu la bango, halafu wanazunguka Biblia kutafuta mistari ya kulibeba. Geuzeni. Mama wa vitumbua alitaka kusikia kuhusu madeni. Je, Biblia haina? Tulihesabu palepale kijiweni, na mwalimu akatupa Jumapili nne bila kufungua kitabu. Ya kwanza, yule mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye mdai alitaka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa; Elisha alimwuliza kwanza ana nini nyumbani, akamtuma kwa majirani kuazima vyombo, na mafuta yalipopatikana akamwambia auze alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Ya pili, Nehemia 5, watu walioweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na kiongozi aliyewaita wakubwa mkutanoni na kuwaambia warudishe. Ya tatu, Mathayo 18, mtumwa aliyesamehewa deni kubwa kupita kiasi akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Ya nne, barua fupi ya Filemoni, mistari 25 tu, ambamo Paulo anasema kama Onesimo anadaiwa kitu, aandikiwe yeye Paulo.

Mfululizo ndio huo. Ndani yake yumo anayedaiwa, yumo anayekopesha, yumo anayesamehe na yumo anayelipa kwa niaba ya mwingine. Mhubiri ataweza kumwambia mjane neno la faraja, na Jumapili inayofuata akamgeukia mkopeshaji aliyekaa benchi la mbele, maana na huyo ni muumini wetu. Kisha Jumamosi moja kanisa limwalike afisa maendeleo ya jamii wa kata aeleze mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Aeleze pia kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Mtu atoke hapo na andiko moyoni na namba ya ofisi mfukoni.

Nne, andikeni yote kabla ya kutangaza. Kila Jumapili iwe na sentensi moja inayosema nini kitahubiriwa. Kama sentensi hiyo haipo, Jumapili hiyo haipo, na isiwekwe kwenye bango. Idadi itoke kwenye neno lenyewe. Ruthu ina sura nne, Yona ana sura nne. Hizo ni Jumapili nne safi kwa kanisa ambalo halijawahi kujaribu. Anzeni na nne mzimalize, kuliko kutangaza kumi na mbili mkafia ya tano. Na kila hubiri lisimame kwa miguu yake, maana muuguzi alikuwa zamu, mlinzi alikuwa lindoni, na dereva wa lori alikuwa Tunduma. Dakika tatu za mwanzo ziwarudishie waliokosa, halafu safari iendelee.

Hapo fundi cherehani akauliza: na ubunifu je? Vijana wa siku hizi wanataka ubunifu.

Ubunifu ni wa kale kuliko makanisa yetu yote. Yeremia alinunua gudulia la mfinyanzi akalivunja mbele ya wazee wa mji. Alivaa nira shingoni akatembea nayo. Alinunua shamba wakati adui amezingira, akafunga hati ndani ya chombo cha udongo, ili watu wajue siku za kununua mashamba zitarudi. Ezekieli alichora Yerusalemu kwenye tofali, akalala ubavu wa kushoto siku 390 na ubavu wa kulia siku 40. Hakuna kati ya hao aliyefanya vile ili watu wapige makofi. Kila kitu walichoshika kilikuwa neno lenyewe, limepewa umbo ili jicho nalo lisikie.

Basi mbona sisi tunaona ubunifu ni moshi wa mashine na taa za rangi? Nimekaa kwenye ibada ambazo vijana walihangaika wiki nzima na jukwaa, na nilipofika nyumbani sikukumbuka andiko. Chukua daftari la mkopo la dukani kwa Mangi. Mtaa mzima unalijua lile daftari, lenye majina yetu na namba nyekundu. Mhubiri apande nalo mimbarani siku ya Filemoni, alifungue, akae kimya kidogo, halafu aulize nani kati yetu angethubutu kumwambia Mangi, deni la jirani yangu niandike mimi. Hamtahitaji moshi. Daftari hilo halizidi bei ya vitumbua vichache, na hakuna atakayelisahau. Wapeni watoto wa shule ya Jumapili wachore mitungi ya yule mjane, ibandikwe ukutani wiki nzima. Wapeni kwaya andiko mwezi mmoja kabla, watunge wimbo wa Ruthu, maana wimbo ndio utakaoimbwa jikoni Jumatano, wakati hubiri limeshasahaulika. Mama anayejua kusimulia asimulie. Hivyo vyote tunavyo, havihitaji mfadhili.

Sasa tufike kwenye kutangaza, ambako ndiko tunakokosea zaidi.

Kijana anayechapisha mabango ana kibanda chake hatua chache kutoka kijiweni, na alikuja kuchukua kahawa tukiwa katikati ya maneno. Alituambia jambo lililonisikitisha. Wateja wake wengi wa makanisa wanakuja na picha ya mchungaji na mkewe, jina la mkutano, na namba za simu. Akiuliza mahubiri yenyewe yatakuwa ya nini, wanamwambia, weka tu muujiza wako unakungoja. Bango linachapwa siku tatu kabla ya mahubiri kuandikwa. Unaona? Nguo inashonwa kabla mtu hajapimwa.

Kutangaza kwenyewe si dhambi, na asiwepo wa kutuambia ni udunia. George Whitefield, mhubiri Mwingereza, mwaka 1739 alipovuka bahari kwenda Marekani, habari zake zilimtangulia magazetini. Rafiki yake William Seward ndiye aliyekuwa akipeleka taarifa za mikutano kwa wachapaji. Huko Philadelphia, Benjamin Franklin, mwenye kiwanda cha uchapaji, alichapa hotuba na shajara zake. Franklin hakuwa muumini wa aina ya Whitefield, lakini jioni moja Whitefield alipohubiri kutoka ngazi za mahakama, alitembea kurudi nyuma kuelekea mtoni mpaka sauti ikapotea, akapiga hesabu ya eneo, akaona watu zaidi ya 30,000 wangeweza kumsikia mtu huyo. Kwa hiyo gazeti lilifanya kazi yake. Lakini waliofika uwanjani walimkuta mtu ana neno. Tangazo likamleta msikilizaji, na neno likamkalisha.

Tangazo la kweli linasema nini kitasemwa, na nani, lini, saa ngapi, na limekusudiwa nani. Hebu nilinganishe. Bango moja linasema, Msimu wa Mpenyo, Njoo Upokee. Jingine linasema, Jumapili ya Januari 19, saa 3 asubuhi: Mjane aliyedaiwa mpaka watoto, kama unadaiwa, njoo ukae nasi. Mjane wa mtaani kwetu angeenda kwenye lipi? Hilo la pili linamjua kabla hajafika.

Na msiahidi msichoweza kutoa. Hapa lazima niseme kwa uzito. Februari 1, mwaka 2020, Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walitoka nyumbani kwao wakiwa na shida zao, wagonjwa, wadaiwa, wenye ndoa zilizovunjika, kama mama wetu hapa. Maneno ya kuita watu yana nguvu kuliko anayeyaandika anavyodhani. Ukiwaambia maelfu kwamba jibu lao liko sehemu moja ya ardhi, wataikimbilia. Kila anayeandika tangazo la kanisa aikumbuke siku ile kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma.

Spika nazo zina mpaka. Gari la matangazo linalopita saa 12 asubuhi mbele ya nyumba ya mgonjwa halimleti mtu kwa Yesu, linamchosha. Nchi ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na NEMC, baraza la mazingira la taifa, wamekuwa wakikumbusha nyumba za ibada na baa kuhusu makelele. Mzee wetu wa bao anakaa ukuta kwa ukuta na kanisa miaka yote hii, na hajawahi kulalamika. Utu wake huo usitumiwe vibaya.

Mtangazaji bora kuliko wote ni mtu aliyesikia. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, mwaka 1976 waliweka jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji wao, na leo kila wiki majirani wanakutana kwa zamu kwenye nyumba za waumini na kusoma neno. Walutheri wana ibada za nyumba kwa nyumba, na wenzetu wa makanisa ya kiroho wana vikundi vya nyumbani. Huo ndio mtandao wetu. Kila jumuiya ipewe karatasi moja: andiko la Jumapili ijayo, maswali mawili, na jina la mtu mmoja wa kumwalika. Mkopo wa mtu husemwa chini ya mwembe wa jirani kabla ya kusemwa kanisani. Anayealikwa na jirani aliyekaa naye msibani hahitaji bango. WhatsApp itumike pia, rekodi ya sauti ya dakika 15 Jumapili jioni kwa waliokuwa zamu, na Jumamosi ujumbe mmoja wa kukumbusha. Mmoja unatosha.

Na mfululizo ukiisha, uishe mbele za watu. Jumapili ya mwisho mhubiri asimame arudie njia nzima, tulianzia hapa, tukapita hapa, tumefika hapa. Atoe nafasi watu waseme nini kimebadilika nyumbani. Wiki hiyohiyo vijana wapande ngazi, washushe bango. Bango lililobaki juu baada ya neno kwisha linawafundisha wapita njia kwamba kanisa linasahau.

Mtu akiniuliza kwa nini nimelishika jambo hili kwa nguvu hivi, jibu langu ni yule jirani. Mjane mmoja, baada ya miaka ya kukaa mbali, alijifunga kitenge akaja kusikia neno kuhusu shida yake. Alikaa saa tatu kwenye benchi akingoja. Inawezekana hatapata tena ujasiri wa namna ile.

Mama wa vitumbua mkopo ule ameshaumaliza. Wanawake wenzake wa kikoba walimchangia, wakambadilishia deni la kila siku kuwa deni la kila mwezi, na hakuna aliyebeba godoro lake. Kwa hiyo shida ya pesa imepita. Linalobaki ni deni la upande wa pili.

Mchungaji, kama maneno haya yatakufikia, na hapa kijiweni maneno hufika, tunakuomba. Panga Jumapili moja. Simama mbele ya watu useme, tuliwaahidi somo hili na hatukulitoa, leo tunalitoa. Watu watakuheshimu zaidi kuliko walivyokuheshimu siku ya bango. Huna haja ya kuchapa jipya. Tuambie tarehe tu, sisi tutaitangaza kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Mama wa vitumbua amesema hatakaanga siku hiyo, na jirani yake atampitia yeye mwenyewe.